Baba Yake Bwana Msa

Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, kila tunapoombwa kuandika juu ya waandishi wa zamani, wengi wetu humkimbilia Shaaban Robert. Si vibaya. Lakini mimi mwaka huu nimemchagua mtu wa Unguja ambaye mhusika wake anajulikana kuliko yeye mwenyewe: marehemu Muhammad Said Abdulla, aliyemzaa Bwana Msa.

Alizaliwa tarehe 25 Aprili 1918 huko Makunduchi, kusini mwa Unguja. Alimaliza masomo yake mwaka wa 1938, akaajiriwa katika idara ya afya akawa bwana afya. Hapa tusimame kidogo. Bwana afya si mtu wa kukaa ofisini. Huingia katika nyua za watu, akafunua visima na mapipa, akatazama choo kimechimbwa wapi na maji machafu yanaelekea wapi. Sisi wa Kibera na Kawangware tunamjua vizuri. Akitokea kwenye ploti, mwenye nyumba humwambia mambo yote ni sawa. Naye huitikia kwa adabu, halafu huinama akachungulia mtaro. Abdulla aliifanya kazi hiyo karibu miaka kumi, na mimi naamini Bwana Msa alianza kuzaliwa hapo, katika ile tabia ya kusikia maneno ya mtu na bado kwenda kujionea.

Mwaka wa 1948 aliingia katika uandishi wa habari, akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Alifanya kazi pia katika Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Mwaka wa 1958 akawa mhariri wa Mkulima, jarida la kilimo la Tanganyika, mpaka alipostaafu mwaka wa 1968. Hebu fikiria, mchana mbolea na mahindi, usiku maiti na siri!

Maana wakati huohuo alikuwa ameshinda mashindano ya hadithi za Kiswahili ya 1957-58 yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau. Hadithi yenyewe ni Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka wa 1960. Ndiyo iliyofungua njia ya riwaya za upelelezi katika Kiswahili. Maiti inapatikana penye mzimu, watu wanatetemeka, na Bwana Msa, mtu wa kiko na mawazo mengi, haogopi mzimu. Anatafuta binadamu.

Wengine husema alimwiga tu Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle. Ni kweli alijifunza kwake, na Najum ni rafiki wa kuandamana naye kama Watson. Lakini angalia alichokileta katika Kiswahili. Katika Adili na Nduguze, ndugu wawili wanaitwa Hasidi na Mwivu. Kwani hapo unangoja nini tena? Jina limeshakutabiria. Kwa Abdulla majina hayakusaidii. Utabiri wake ni kitu kidogo kinachotajwa mapema, unakipita kama mtu anayepita kibanda cha mkaa, na mwishoni unarudi kukitafuta huku umejishika kichwa. Najum anaona yaleyale anayoyaona Bwana Msa, lakini anakisia kombo, na sisi tunamfuata Najum.

Mwalimu wetu hutukumbusha tusichanganye mambo: mwandishi hatudanganyi. Wanaosimulia visivyo ni wahusika, na si wote wanaokusudia kudanganya. Hili nililielewa vizuri mwaka jana huku Kawangware, si darasani. Kijana mmoja alishikwa eti ameiba mtungi wa gesi. Mama mmoja alisimulia kila kitu, mpaka rangi ya shati, na watu walikuwa wameshaokota mawe. Muuza maji akauliza mbona mikono ya kijana imejaa saruji mbichi, na mtungi uliookotwa nyuma ya kibanda hauna hata doa. Jamaa alikuwa ametoka mjengoni saa hiyohiyo. Mawe yakaanguka moja moja. Yule mama hakuwa mwongo. Aliona mgongo wa mtu, uso akaumalizia mwenyewe. Muuza maji sijui kama amewahi kusoma riwaya yoyote, lakini swali lake lilikuwa la Bwana Msa kabisa.

Baada ya Mzimu, Abdulla alitoa Kisima cha Giningi mwaka wa 1968, halafu Duniani Kuna Watu 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975 na Mwana wa Yungi Hulewa 1976. Kinachonivutia zaidi ni jina la kitabu cha 1984, Kosa la Bwana Msa. Baada ya miaka zaidi ya ishirini ya kutufanya tumwamini mpelelezi wake, mzee akaliweka neno kosa kando ya jina lake, tena juu ya jalada!

Alifariki mwaka wa 1991. Nakala ya Mzimu wa Watu wa Kale iliyo katika kabati la chama imelegea kurasa, lakini zote zipo. Anayetaka kuiazima aandike jina kwa katibu. Na tafadhali, asiandike kwa penseli pembeni muuaji ni nani. Kuna mmoja amekwisha kufanya hivyo, ukurasa wa tatu, na tena amemtaja asiye yeye.