James Braidwood: Fundi wa majengo aliyeanzisha zimamoto ya mji

Mtu akipiga simu leo kusema nyumba inaungua, hategemei kuulizwa kwanza kama nyumba hiyo ina bima, wala ni ya kampuni gani. Anategemea gari lije, lenye watu waliofunzwa na kiongozi mmoja anayesikilizwa na wote. Miaka 200 iliyopita mambo hayakuwa hivyo hata katika miji tajiri ya Ulaya. Mmoja wa watu waliobadilisha hali hiyo alikuwa kijana wa Edinburgh, Uskoti, aliyekabidhiwa kazi ya kuzima moto wa mji mzima akiwa na umri wa miaka 24.

Mtoto wa fundi

James Braidwood alizaliwa Edinburgh mwaka 1800. Baba yake alikuwa fundi seremala na mjenzi, na kijana alisoma katika shule kongwe ya mji huo, Royal High School, kabla ya kujiunga na baba yake kujifunza upimaji na ujenzi. Hakuna aliyejua wakati huo kwamba elimu hiyo ndiyo ingekuwa silaha yake kubwa. Alijua jinsi boriti inavyobeba sakafu, ukuta upi unategemea upi, na paa linaanza kuachia wapi. Kwa mtu anayeingia ndani ya nyumba inayowaka, kujua hayo ni kujua atoke lini.

Edinburgh ulikuwa mji mdogo ukiulinganisha na London, lakini ulikuwa na hatari yake ya pekee. Sehemu ya kale ya mji imejengwa juu ya mgongo wa kilima. Nyumba zilikuwa zimepandishwa ghorofa juu ya ghorofa, nyingine zikipita saba, zikitenganishwa na vichochoro ambavyo watu wawili hupishana kwa shida. Familia nyingi zilitumia ngazi moja. Moto ukianza chini, wa juu hana pa kupita.

Wakati huo kazi ya kuzima moto ilikuwa mikononi mwa kampuni za bima. Kila kampuni ilikuwa na pampu zake na watu wake, na ilibandika alama yake ya chuma kwenye nyumba ilizozikatia bima. Moto ukitokea, makundi kadhaa yangeweza kufika, kila moja na bosi wake, yakigombea maji na nafasi. Mwaka 1824 mamlaka ya mji wa Edinburgh na kampuni za bima zilikubaliana kuchangia kikosi kimoja. Kinahesabiwa kuwa kikosi cha kwanza cha zimamoto cha manispaa nchini Uingereza. Braidwood akateuliwa kukiongoza.

Moto uliokuja kabla ya mafunzo kukamilika

Hakupewa muda wa kujipanga. Usiku wa tarehe 15 Novemba 1824, wiki chache tu baada ya uteuzi wake, moto ulizuka katika karakana ya mchonga nakshi za kuchapishia, kwenye kichochoro cha Old Assembly Close. Chanzo kilikuwa chungu cha mafuta ya kitani yaliyokuwa yakichemshwa. Pampu zilipofika zilishindwa kupenya, na maji yalichelewa kupatikana. Moto ukapanda ghorofa na kurukia nyumba za jirani.

Siku ya pili mnara wa kanisa la Tron ulishika moto na kuporomoka. Usiku uliofuata ukazuka moto mwingine upande wa Parliament Square, na majengo marefu kuliko yote mjini yakateketea. Mpaka mwisho, watu wapatao 13 walikuwa wamekufa, wakiwemo wazimamoto wawili, na mamia ya familia hazikuwa na makazi.

Lawama zilianza mapema, na baadhi ziliangukia kikosi kipya. Lakini uchunguzi wa mambo ulionyesha tatizo jingine. Wakati wa moto, viongozi wa mji, mahakimu, maofisa wa jeshi na waheshimiwa wengine walikuwa wamefika, na kila mmoja alitoa amri. Mmoja alisema pampu ihamishwe, mwingine akasema ibaki. Wazimamoto hawakujua wamsikilize nani, na Braidwood, kijana asiye na cheo kikubwa, hakuwa na mamlaka ya kuwanyamazisha wakubwa.

Funzo hilo mji ulilipokea. Kuanzia hapo ilikubaliwa kwamba penye moto mwenye amri ni mkuu wa zimamoto peke yake, awepo nani asiwepo nani. Leo jambo hilo linaonekana la kawaida. Edinburgh ililipata kwa gharama ya sehemu ya barabara yake kuu.

Mazoezi ya saa kumi alfajiri

Baada ya hapo Braidwood aliunda kikosi kwa namna yake. Hakuchukua tu watu wenye misuli. Alichagua mafundi: waashi, maseremala, wahunzi, mafundi bomba na waezekaji wa paa. Muezekaji haogopi kutembea juu, seremala anajua sakafu itakatika wapi, fundi bomba anajua maji yanapita wapi. Wengi wao waliendelea na kazi zao mchana na kulipwa kwa kazi ya moto walipoitwa.

Mafunzo yalifanyika saa kumi alfajiri. Kulikuwa na sababu. Mitaa ilikuwa mitupu kwa hiyo hawakumsumbua mtu, na giza liliwazoesha mazingira ya kazi yenyewe, kwa kuwa mioto mingi mikubwa ilitokea usiku. Walifanya mazoezi ya viungo, wakapanda ngazi, wakashuka kwa kamba, wakafunga na kufungua mipira ya maji gizani mpaka mikono ikajua kazi bila macho. Walivaa sare, na kofia zao ngumu za ngozi zilikuwa na kipande kilichoning'inia nyuma ili maji ya moto na makaa yasiingie shingoni.

Kanuni yake kuu ilikuwa moja: maji yaufikie moto wenyewe. Mpaka wakati huo wengi walisimama barabarani na kurusha maji kupitia madirishani, wakilowesha kuta na moshi. Braidwood aliwataka watu wake waingie ndani, wakaribie, na wapige maji pale panapoungua. Aliwafundisha kutambaa, kwa sababu hewa safi hubaki karibu na sakafu moshi unapopanda. Aliwakataza kuingia peke yao, ili mmoja akizimia mwenzake amtoe. Aliwaambia watu wa nyumbani wafunge milango na madirisha mpaka kikosi kifike, kwa kuwa moto unaonyimwa hewa hukua polepole.

Mwenyewe hakuwa mtu wa kutuma wengine. Inasimuliwa kwamba katika duka moja lililokuwa likiungua kulikuwa na mapipa ya baruti. Aliingia, akabeba pipa la kwanza akalitoa, kisha akarudi kuchukua la pili.

Mwaka 1830 aliyaweka mafunzo hayo katika kitabu kuhusu pampu za moto, mafunzo ya wazimamoto na namna ya kuukabili moto. Kazi ambayo watu waliiona ni ya nguvu na ujasiri tu, yeye aliiandika kama ufundi unaoweza kufundishwa.

London yaita

Sifa zilifika London. Huko kampuni kumi za bima ziliamua kuunganisha vikosi vyao, na tarehe 1 Januari 1833 kikosi kipya kilianza kazi chini ya Braidwood. Kilikuwa na watu wapatao 80 walioajiriwa moja kwa moja, wakiishi karibu na vituo vyao na kuwa kazini usiku na mchana, kwa mji uliokuwa na zaidi ya watu milioni moja na nusu.

Hapa alibadilisha aina ya watu aliowachukua. Kwa kazi ya kudumu alipendelea mabaharia. Baharia amezoea zamu za usiku, amezoea kupanda juu penye upepo, na amezoea kutii amri bila kubishana. Pampu zilikuwa bado za mikono, na zilihitaji watu wengi wa kuzisukuma. Wapita njia waliitwa wasaidie, wakalipwa shilingi moja kwa saa ya kwanza na nusu yake kwa kila saa iliyofuata, pamoja na bia.

Usiku wa tarehe 16 Oktoba 1834 jengo la Bunge la Westminster liliwaka. Halikuwa jengo ambalo kampuni za bima ziliwajibika nalo, lakini Braidwood alikwenda na pampu 12 na watu 64. Sehemu kubwa ya jengo haikuokolewa. Ukumbi wa kale wa Westminster, uliojengwa karne ya 11, ulinusurika kwa juhudi za wazimamoto, wanajeshi na raia, na kwa upepo uliogeuka. Hata baada ya hapo serikali haikuona kwamba kuzima moto wa mji mkuu ni wajibu wake. Bunge lenyewe lilikuwa limeteketea, lakini kikosi kikabaki mali ya wafanyabiashara.

Braidwood hakuwa sahihi katika kila jambo. Pampu za mvuke zilianza kujaribiwa London kabla hata hajafika huko, na kwa miaka mingi alizikataa. Alihofia kwamba maji yenye nguvu nyingi yangewafanya watu wake warudi kusimama mbali na kurusha ovyo. Ilikuwa hofu ya mwalimu kwa wanafunzi wake, lakini iliichelewesha London. Katika miaka yake ya mwisho tu ndipo alipoanza kuzikubali.

Jambo moja alilisema mapema na hakusikilizwa. Katika miaka ya 1850 aliionya serikali kuhusu maghala makubwa yaliyokuwa yakijengwa kando ya mto Thames. Yalikuwa mapana mno, bila kuta za kutosha za kugawa moto, na yalijazwa bidhaa za kila aina. Alieleza kwamba moto ukishika ndani ya ghala la ukubwa huo, kikosi chake hakitakuwa na uwezo wa kuuzima.

Jumamosi ya Tooley Street

Tarehe 22 Juni 1861, saa za alasiri, moto ulianza katika maghala ya Cotton's Wharf, mtaa wa Tooley, kusini mwa mto. Ndani kulikuwa na pamba, juti, sukari, mafuta ya wanyama, viungo na shura, ile chumvi inayotengenezea baruti. Kulikuwa na milango ya chuma ya kuzuia moto usihame chumba, lakini iliachwa wazi. Maji ya mto yalikuwa yamekupwa, na pampu zilizokuwa juu ya vyombo vya majini hazikuweza kusogea karibu. Mafuta yaliyoyeyuka yalitiririka mpaka mtoni yakiwa yanawaka.

Ilipofika jioni watu wake walikuwa wamechoka. Braidwood, mwenye umri wa miaka 60, alikuwa akiwazungukia katika vichochoro, akihakikisha wanapata kinywaji cha kuwatia nguvu na kuwapa moyo. Wakati akipita karibu na ghala mojawapo, ukuta ulipasuka na kumwangukia. Wenzake walijaribu kumfikia, lakini joto na kifusi viliwashinda. Mwili wake ulipatikana siku mbili baadaye. Moto uliendelea kwa wiki mbili.

Alizikwa tarehe 29 Juni katika makaburi ya Abney Park. Msafara wa mazishi ulienea zaidi ya kilomita mbili, maduka yalifungwa na kengele za makanisa zikapigwa. Mji ambao haukuwa tayari kugharamia kikosi chake ulijaza barabara kumuaga kiongozi wake.

Baada ya kaburi

Hasara ya Tooley Street ilikadiriwa kufikia pauni milioni mbili, kiasi kikubwa mno kwa wakati ule. Kampuni za bima zilipandisha ada, kisha zikaiambia serikali kwamba haziwezi tena kubeba mzigo huo. Sheria ilipitishwa mwaka 1865, na kuanzia mwaka 1866 London ikawa na kikosi cha zimamoto cha umma, kikiongozwa na Eyre Massey Shaw. Kile ambacho Edinburgh ilikianza mwaka 1824, mji mkuu ulikifikia miaka zaidi ya 40 baadaye, na baada ya kumpoteza mtu aliyekuwa ameonya.

Wazo hilo lilisafiri hadi makoloni. Katika miji ya Afrika Mashariki iliyotawaliwa na Uingereza, zimamoto iliwekwa chini ya halmashauri. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 imeikabidhi kazi hiyo kwa serikali za kaunti, na Tanzania ina Jeshi la Zimamoto na Uokoaji chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Njia ni tofauti, lakini msingi ni ule ule, kwamba moto wa nyumba moja ni shughuli ya watu wote. Na maswali ya Braidwood bado yanaulizwa kila soko linapoungua: je, njia ilikuwa wazi, maji yalikuwepo, na aliyeonya alisikilizwa?

Mwaka 2008 sanamu yake ilisimamishwa Edinburgh, katika Parliament Square, mahali palepale ambapo moto wa 1824 ulimshinda akiwa ndiyo kwanza ameanza kazi.