Albert Ayler: Askari Aliyeugeuza Muziki wa Gwaride

Hapa Kansanga, kando ya barabara ya Ggaba, hatuna uhaba wa muziki. Makanisa huimba mchana, na baa hupiga usiku kucha. Hata hivyo, jina la Albert Ayler ni nadra kutajwa, hata miongoni mwa wapenzi wa jazi. Tumeona yafaa kuwaeleza askari na polisi habari za mtu huyu, kwa sababu naye alivaa sare, na sehemu kubwa ya muziki wake chimbuko lake ni gwaride.

Ayler alizaliwa tarehe 13 Julai 1936 mjini Cleveland, Marekani. Baba yake, aliyekuwa mpigaji wa saksafoni, ndiye aliyemfundisha chombo hicho, na wawili hao walikuwa wakipiga pamoja kanisani. Alipokuwa bado mwanafunzi, alisafiri wakati wa likizo na bendi ya Little Walter, mwanamuziki mashuhuri wa bluzi. Kwa hiyo alipata malezi ya namna mbili, ya ibada na ya dansi.

Mwaka 1958 alijiunga na jeshi, akawekwa katika bendi. Kutoka kambi ya Fort Knox alipelekwa Orléans, nchini Ufaransa. Kazi yake ilikuwa ile ijulikanayo na kila mwanabendi wa kikosi: kung'arisha chombo, kusimama katika safu, kupiga nyimbo za taifa na za mwendo bila kukosea hatua. Katika utumishi huo aliiacha saksafoni ndogo, akachukua ile ya sauti nene iliyomletea sifa baadaye.

Alipomaliza utumishi mwaka 1961, alirudi nyumbani na kukuta milango imefungwa. Wanamuziki wengi walimcheka, wakidhani hajui kupiga. Mwaka 1962 alikwenda Sweden, na huko Stockholm akarekodi santuri yake ya kwanza.

Tarehe 10 Julai 1964, mjini New York, alirekodi santuri iitwayo Spiritual Unity pamoja na Gary Peacock kwenye besi na Sunny Murray kwenye ngoma. Hii ndiyo jazi huru. Wapigaji hawafungwi na mapigo ya kuhesabu, wala na mpango wa sauti uliowekwa tangu awali; kila mmoja humsikiliza mwenzake na kumjibu papo hapo. Mwaka 1965 ikafuata Spirits Rejoice, ambamo ndugu yake Donald alipiga tarumbeta. Humo husikika wimbo wa mwendo unaokaribiana sana na wimbo wa taifa wa Ufaransa. Wimbo huo huanza kwa nidhamu ya kikosi, kisha safu huvunjika, kila chombo kikalia kwa sauti yake, na baadaye wote hurejea pamoja.

Jambo hili si geni kwetu. Ngoma ya beni, iliyozaliwa katika pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ilichukua tarumbeta, vyeo na mwendo wa majeshi ya kikoloni na kuvifanya mchezo wa wananchi. Askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918 waliieneza katika Afrika Mashariki. Bila shaka wana beni wangemwelewa Ayler upesi kuliko wengi waliomcheka.

Aliyemwelewa kwao ni John Coltrane, bingwa wa saksafoni, ambaye alimsaidia kupata mkataba na kampuni ya Impulse. Coltrane alipofariki mwezi Julai 1967, Ayler alipiga katika mazishi yake. Lakini heshima hiyo haikumletea utulivu. Donald aliugua akili, na santuri za baadaye, zilizoelekea kwenye muziki wa kupendwa na wengi, ziliwaudhi waliokuwa mashabiki wake. Mwezi Julai 1970 alishangiliwa tena nchini Ufaransa. Mnamo tarehe 25 Novemba mwaka huo huo, mwili wake ulipatikana katika mto East River, New York. Alikuwa na umri wa miaka 34. Uvumi mwingi umeenea kuhusu kifo hicho. Sisi hatuoni faida ya kuuongeza.

Lililo na faida ni hili. Wako askari wengi wanaomaliza utumishi wakiwa na ujuzi ambao raia hawaujali, nao hukata tamaa wakidhani kwamba miaka ile ilipotea. Ayler hakuitupa miaka yake mitatu. Aliichukua sauti ya kambi na kuifanya yake. Uhuru wake haukuwa wa mtu asiyejua kupiga hatua, bali wa mtu aliyeijua hatua hata akaweza kuiacha na kuirudia apendapo.

Kwa hiyo tunawashauri wanabendi wetu waitafute Spirits Rejoice kwanza, kisha Spiritual Unity. Wasiache kusikiliza pale safu inapovunjika. Wangoje mpaka irudi.