Mfahamu Moraa wa Ng'iti, mathe wa Kitutu aliyemtikisa mkoloni bila kushika mkuki

Kama wewe ni mtu wa muvi za vita vya pili vya dunia, basi ushawaona wale warembo wa kazi ya siri kule Ufaransa. Kuna Noor Inayat Khan, aliyekuwa akituma ujumbe kwa redio kutoka Paris mwaka wa 1943 huku Wajerumani wakimsaka mtaa kwa mtaa. Walimnasa, na mwaka uliofuata wakamuua katika kambi ya Dachau. Kuna Nancy Wake, aliyepiga baiskeli mamia ya kilomita akipita katikati ya maadui kama mama anayetoka sokoni. Siri ya kazi yao ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kuifanya: adui akikuangalia, aone tu mwanamke anayeenda zake.

Sasa zima hiyo muvi kwanza. Rudi miaka 35 kabla ya Noor kutua Ufaransa. Ingia Probox pale Kisii tao, ile imefunga watu kama ndizi kwenye gunia, na uelekee pande za Nyamira. Nchi unayopita ni ya Kitutu. Siku hizi imekatwa mara mbili, Kitutu Chache ikawa kaunti ya Kisii na Kitutu Masaba ikawa Nyamira, lakini enzi hizo hakukuwa na kaunti wala gavana wa kupigiana kelele kuhusu mpaka. Kulikuwa na maboma, ng'ombe, wimbi shambani, na mathe mmoja aliyeitwa Moraa, mke wa Ng'iti.

Moraa hakuwa chifu. Hakuwa na jeshi. Alikuwa mganga na mtabiri, mtu ambaye watu walimwendea mambo yakiwa moto. Na hebu fikiria kidogo kazi kama hiyo inakupa nini. Mlango wako haufungwi. Anaingia mama mwenye mtoto mgonjwa, anaingia mzee aliyepoteza mifugo, anaingia kijana ambaye hasemi amekuja kufuata nini. Kila mtu anaacha stori yake hapo. Hakuna anayeshangaa akiona watu wanatoka kwako jioni. Mimi naona jasusi hangepata ofisi bora kuliko hiyo.

Kabla ya Moraa kuvuma, Abagusii walikuwa washaonywa. Kulikuwa na mtabiri mkubwa, Sakawa, ambaye wazee husimulia kwamba alisimama pale Getembe akaanza kuonyesha watu kwa kidole mahali wageni wangejenga nyumba zao. Leo Getembe ndiyo Kisii tao yenyewe. Wageni walipokuja kweli na kukaa, watu wakapaita Bosongo, yaani kwa Wazungu. Kwa hivyo usidhani Mzungu aliwapata watu wamelala. Walijua anakuja. Shida ilikuwa watafanya nini akifika.

Jibu la kwanza lilikuwa vita vya wazi, na lilienda vibaya mno. Mwaka wa 1905 serikali ya Uingereza ilituma askari pande za Kitutu kuadhibu watu kwa madai ya wizi wa mifugo. Vijana walifanya kile walichofundishwa: wakakimbilia adui kwa mikuki na ngao, kwa wingi, uso kwa uso. Upande wa pili kulikuwa na bunduki ya rashasha. Zaidi ya watu 100 walianguka, na ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu. Jiweke hapo. Umeona mabeste zako wakilala chini kabla hata hawajamfikia mtu wa kumdunga. Ukirudi nyumbani, hutaki kusikia neno vita.

Hapo ndipo kazi ya Moraa ilipoanza kuwa nzito. Mwaka wa 1907 akaletwa mkuu wa wilaya, jamaa kijana anayeitwa Geoffry Northcote. Abagusii ulimi ukakataa hilo jina, wakamwita Nyarigoti. Hakuwa mzee wa mvi. Alikuwa na miaka 26 tu mambo yalipochemka. Alikuja na mengi: amri, askari, kodi ya nyumba, na tabia ya kuchukua ng'ombe wa watu kama faini. Kama hujui ng'ombe ni nini kwa Mgusii wa wakati huo, elewa hivi: ndiyo mahari, ndiyo benki, ndiyo sababu kijana anaweza kuoa au akae tu. Ukichukua ng'ombe umechukua harusi ya mtu.

Moraa hakuenda kumpigia Northcote kelele. Alibonga na vijana. Wanavyosimulia wazee, aliwachoma kwa maneno makali, akiwauliza ni wanaume wa aina gani wanaoangalia mifugo ya baba zao ikiondoka. Katika jamii ambapo morani anaishi kwa jina lake, maneno kama hayo yakitoka kwa mathe anayeheshimiwa huwezi kuyalalia. Yanakufuata hadi kitandani.

Na alikuwa amejifunza kitu 1905. Kundi zima likitoka mbio, bunduki inashinda. Lakini mtu mmoja? Mtu mmoja kwenye kichaka kando ya njia, anayejua mlengwa wake ni nani, hiyo ni hesabu nyingine kabisa.

Mtu huyo alipatikana ndani ya nyumba yake. Otenyo Nyamaterere. Wengine husema alikuwa mtoto wa ndugu, wengine husema mtoto aliyemlea, lakini wote wanakubaliana kwamba Moraa alikuwa mama kwake. Alimpa dawa ya kumkinga na risasi. Usicheke. Miaka hiyo hiyo, kusini kwetu Tanganyika, maelfu walikuwa wameingia vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani wakiamini maji ya Kinjikitile yatazima risasi. Dawa ilikuwa ya kutoa woga kwenye tumbo la mtu ambaye ameshaona bunduki inafanya nini. Bila hiyo, nani angetoka?

Januari 1908, Northcote alikuwa njiani huko Kitutu. Otenyo alikuwa amemvizia. Akatokea, akarusha mkuki, ukampata. Mkuu wa wilaya akaanguka, damu ikamwagika, na kwa muda habari zikakimbia kutoka kilima hadi kilima kwamba Nyarigoti kwisha.

Hakuwa kwisha. Alipona.

Kisasi kilichofuata hakikuwa cha Otenyo peke yake, kilikuwa cha nchi nzima. Jeshi la KAR na polisi waliingia milimani. Nyumba zikachomwa, mashamba yakateketezwa, ng'ombe wakachukuliwa tena kwa maelfu, na zaidi ya watu 200 wakauawa, wengi wao wakiwa hawana la kufanya ila kukimbia. Ilikuwa mbaya kiasi kwamba mtu mmoja aliyekaa London, naibu waziri wa makoloni, alituma simu ya maandishi akilalamika kwamba mauaji hayo ya watu wasio na ulinzi yamezidi. Naibu waziri huyo aliitwa Winston Churchill. Ndiyo, yule yule. Miezi michache kabla alikuwa amepita Afrika Mashariki mwenyewe, akapanda reli hadi Kisumu. Na ni serikali yake, mwaka wa 1940, iliyounda kile kitengo cha siri kilichomtuma Noor Paris. Kule Ufaransa wanawake wa kazi ya siri waliitwa mashujaa. Huku Kitutu mwanamke wa kazi hiyo alikuwa tu shida ya mkuu wa wilaya.

Otenyo alishikwa. Wazee wa Kisii husimulia kwamba alipigwa risasi mbele ya umati, kichwa kikakatwa na kupelekwa Uingereza, mwili ukaachwa hadharani ili kila anayepita ajionee. Hadi leo familia na wazee wa Abagusii wanadai kichwa hicho kirudishwe kizikwe nyumbani. Hiyo kesi haijafungwa mioyoni mwa watu.

Sasa hapa ndipo mimi hukwama. Stori nyingi za Moraa zinakimbia haraka sana mahali hapa, zinamwita shujaa na kumaliza. Lakini huyu ni mama aliyempaka mtoto wake dawa kwa mikono yake, akamwambia hatakufa, akamtuma. Mtoto akafa kifo kibaya kuliko vyote. Majirani wakafa. Wimbi likachomwa, njaa ikaja. Je, kuna waliomlaumu? Ungekuwa umepoteza baba na ng'ombe wiki hiyo, ungemwangalia vipi ukikutana naye kisimani? Mimi sidhani kumheshimu Moraa kunamaanisha tujifanye hili swali halipo. Kule Ufaransa pia Wajerumani walikuwa wakiua vijiji vizima kwa sababu ya shambulio moja, na waliofanya kazi ya siri walilala na hiyo hesabu kila usiku.

Yeye mwenyewe inasimuliwa kwamba alishikwa, akapelekwa mbele ya Wazungu, akahojiwa, kisha akaachiliwa. Aliyerusha mkuki alikufa, aliyepanga akaenda nyumbani. Ukiniuliza, nadhani walimwangalia wakaona mathe wa kijijini tu. Wanaume wa serikali ya wakati huo hawakuwa na mahali kwenye faili pa kuandika kwamba mwanamke ndiye kichwa cha njama.

Walikuja kujifunza baadaye, tena kwa njia ngumu. Mwaka wa 1913 kule Pwani, Mekatilili wa Menza aliwaapisha Wagiriama wasiipe serikali vijana wao wala kodi. Safari hii hawakungoja mkuki. Walimkamata pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakawatupa mbali kabisa na bahari, mahali ambapo hawangejua lugha wala njia. Ukikisia ni wapi utapata: Kisii. Walichosahau ni kwamba miguu haihitaji lugha. Januari 1914 wawili hao walihepa na kutembea zaidi ya kilomita 700 hadi kwao. Walishikwa tena baadaye, lakini aibu ilikuwa ishaingia kwenye rekodi.

Northcote naye alipanda vyeo. Akawa Bwana Mkubwa kwelikweli, akapewa u-Sir, na kuanzia 1937 hadi 1941 alikuwa gavana wa Hong Kong. Kule walimpa chuo cha walimu chenye jina lake. Sijui kama wanafunzi wa hapo waliwahi kuambiwa kwamba gavana alibeba kovu kutoka Kitutu.

Na wale waliotandikwa 1905 na 1908, je, walinyamaza? Septemba 1914 Wajerumani walivuka kutoka Tanganyika wakaingia Kisii, na maafisa wa Kiingereza wakatoka mbio wakaacha mji wazi. Ilikuwa miaka sita tu tangu vijiji vichomwe. Watu walishuka kutoka milimani, wakaingia ofisini na madukani pale Getembe, mahali pale pale Sakawa alipoonyesha kwa kidole, na kubeba kila kitu kilichobebeka.