Haldane: Mtafiti aliyeivuta sumu ya mkaa apate kuitibu

John Scott Haldane alizaliwa mwaka 1860 mjini Edinburgh, Scotland, akasomea udaktari hukohuko. Maisha yake mengi aliyatumia Oxford, Uingereza, akichunguza jinsi binadamu anavyopumua.

Januari 1896, mlipuko katika mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown, Wales, uliua watu 57. Haldane aliikagua miili na kubaini kuwa wengi hawakuuawa na mlipuko wenyewe, bali na kaboni monoksidi iliyotanda baadaye. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mtu hukosa hewa huku anapumua.

Tayari alikuwa akiifahamu mwilini mwake. Katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1895, aliivuta na kurekodi dalili hadi ikashika zaidi ya nusu ya uwezo wa damu yake kubeba oksijeni. Mwaka huo pia alionyesha kuwa panya waliopewa oksijeni yenye mgandamizo mkubwa waliishi licha ya sumu hiyo, kwa kuwa oksijeni iliyeyuka katika majimaji ya damu. Huo ndio msingi wa vyumba vya mgandamizo vinavyotibu wagonjwa mahututi leo.

Aliwashauri wachimbaji kubeba panya au ndege wadogo, ambao huzidiwa mapema kuliko watu. Mwaka 1915, Wajerumani walipotumia gesi ya sumu Ypres, Ubelgiji, alitumwa kuichunguza. Mwaka 1917 alichapisha maelezo ya kumpa mgonjwa oksijeni kwa barakoa. Alifariki dunia Oxford, Machi 1936, akiwa na miaka 75.

Barakoa hiyo ndiyo tiba ya kwanza mpaka sasa. Katika hewa ya kawaida, nusu ya sumu hutoka mwilini kwa saa nne hadi tano. Kwa oksijeni safi ni kama saa moja na nusu au pungufu. Aliyeshindwa kupumua husaidiwa na mashine.

Kwa mfanyabiashara anayelala mpakani, gesi ni ileile: ya jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku wa baridi. Ukimkuta mwenzako amelegea, fungua mlango, mtoe nje, kisha mkimbize kwenye hospitali yenye oksijeni, hata kama anasema ni kichwa tu kinamuuma.