Muhammed Said Abdulla, Baba wa Bwana Msa

Katika misitu ya miombo iliyo magharibi ya Tabora, upande wa Usinge, warina asali na wawindaji hujua kuisoma ardhi. Jani lililovunjika, nyayo katika mchanga, jivu lenye joto bado, yote huwaambia ni nani aliyepita, na lini. Mtu mmoja wa Unguja aliitumia elimu ya namna hiyo kutunga hadithi, ila waliofuatwa ndani yake hawakuwa wanyama bali wauaji.

Jina lake Muhammed Said Abdulla. Alizaliwa Makunduchi, kusini ya kisiwa cha Unguja, tarehe 25 Aprili 1918. Alipomaliza masomo mwaka 1938 alipata kazi katika idara ya afya, akawa mkaguzi. Kazi hiyo haina sifa nyingi, lakini humfundisha mtu kutazama. Mkaguzi huingia katika nyua za watu, akafunua mitungi na kuchungulia visima, akitafuta viluwiluwi vya mbu na chanzo cha maradhi. Wenye nyumba wakisema kwamba wameingiliwa na pepo, yeye hana budi kuuliza kwanza maji yao hutoka wapi. Abdulla alifanya kazi hiyo miaka kumi.

Mwaka 1948 aliiacha akashika kalamu. Akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, akasaidia pia katika Al Falaq na Afrika Kwetu, na mwaka 1958 akawa mhariri wa Mkulima, akakaa huko hata alipostaafu mwaka 1968.

Siku zile vitabu vya hadithi kwa Kiswahili vilikuwa vichache, na vingi vilikuwa tafsiri za vitabu vya Kizungu. Huko Ulaya mpelelezi aliyesifiwa kuliko wote alikuwa Sherlock Holmes, aliyetungwa na daktari wa Uskoti, Arthur Conan Doyle, tangu mwaka 1887. Doyle naye alifuata mfano wa mwalimu wake, daktari Joseph Bell wa Edinburgh, aliyeweza kuitambua kazi ya mgonjwa kwa kumtazama tu. Wasomaji walimpenda Holmes mno, hata Doyle alipomwua katika hadithi mwaka 1893 walinung'unika, na baada ya miaka kadhaa ikambidi amfufue. Doyle alifariki mwaka 1930, wala Holmes hakuzikwa pamoja naye. Adrian, mwana wa Doyle, aliendelea kutunga habari zake, na waandishi wengine wakambunia mke na wazao.

Mzao wake wa Unguja alikuwa wa namna nyingine. Abdulla alimwita Bwana Msa, nalo jina hilo ni herufi za kwanza za majina yake mwenyewe. Kama Holmes, Bwana Msa huvuta kiko. Na kama Holmes alivyokuwa na Watson, yeye anaye rafiki yake Najum. Lakini huwezi kumdhania kuwa Mzungu aliyevikwa kanzu, maana fikira zake, mizaha yake na Kiswahili chake ni vya Unguja.

Bwana Msa alitokea kwanza katika Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyopata tuzo ya kwanza katika shindano la East African Literature Bureau la mwaka 1957/58, ikapigwa chapa mwaka 1960. Ndani yake tajiri mmoja anakutwa amekufa penye mzimu, na walio wengi hawaoni haja ya kutafuta zaidi, kwa kuwa mizimu imekwisha kushitakiwa. Bwana Msa hawachekei. Huuliza, hutazama, hulinganisha neno la huyu na la yule, hata aliyetenda akajulikana kuwa ni binadamu.

Wala hilo si jambo la hadithi tu. Katika nchi za Tabora na Shinyanga wako vikongwe waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu; na macho hayo yalikuwa yameharibiwa na moshi wa jikoni miaka mingi. Hakuna aliyeuliza habari za moshi.

Vitabu vingine vikafuata: Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, na vingine, hata Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Mtunzi hakuona haya kulitaja kosa la shujaa wake katika jina la kitabu.

Abdulla alifariki tarehe 1 Machi 1991. Wakati huo wapelelezi wa Kiswahili walikuwa wamekwisha kuwa wengi. Faraji Katalambulla alikuwa ametoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na Elvis Musiba alikuwa amemtunga Willy Gamba, mwenye bastola badala ya kiko. Ben Mtobwa, aliyemtunga Joram Kiango, alikuwa mzaliwa wa Kigoma, mwisho wa reli ile ile ipitayo Usinge.