Ferruccio Busoni, Mchukuzi wa Muziki

Mtu apelekaye samaki wa ziwa Jipe kwenye soko la Usangi, juu katika milima ya Upare, hawezi kuupandisha mtumbwi mlimani. Hana budi kuwatoa samaki mtumbwini na kuwapanga upya katika kikapu, ndipo ashike njia. Samaki ni wale wale, bali chombo ni kingine. Naye asipojua kupanga, watafika wameharibika. Habari tutakayosoma sasa ni ya mtu aliyefanya kazi ya namna hiyo maisha yake yote, ila mzigo wake ulikuwa muziki.

Jina lake lilikuwa Ferruccio Busoni. Alizaliwa katika mji wa Empoli, nchi ya Italia, tarehe 1 Aprili 1866. Baba yake, Ferdinando, alikuwa mpiga klarineti, chombo cha kupuliza kilicho jamaa ya zumari. Na mama yake, Anna, alikuwa mpiga piano. Baba alimpa mtoto majina manne: Dante, Michelangelo, Benvenuto, na Ferruccio. Matatu ya kwanza ni majina ya watu mashuhuri wa zamani wa jimbo lao la Toscana, mmoja mshairi, mmoja mchongaji wa mawe, na mmoja mfua dhahabu. Hivyo yule mtoto alitwishwa mzigo hata kabla hajajua kutembea.

Mama alimfundisha kupiga piano, na baba akasimamia masomo yake kwa ukali, akikaa kando yake saa nyingi na kumrudisha nyuma kila alipokosea. Siku zile watu wa Italia hawakujali sana nyimbo za Johann Sebastian Bach, Mjerumani aliyekufa zamani. Walakini Ferdinando alimlazimisha mwanawe azijue. Busoni alipokuwa mtu mzima alimshukuru baba yake kwa jambo hilo.

Mwaka 1873, akiwa na umri wa miaka 7, alipiga piano mbele ya watu katika mji wa Trieste. Mwaka 1876, kabla hajatimiza miaka 10, akapiga katika mji mkuu wa Vienna, na watu wakastaajabu. Baba yake hakuwa hodari wa kutunza mali. Basi fedha iliyopatikana kwa vidole vya mtoto ikawa tegemeo la nyumba nzima.

Hata alipofika umri wa miaka 20, mwaka 1886, Busoni alikwenda kukaa Leipzig, mji wa Ujerumani. Watu wa Upare wanayo sababu ya kulikumbuka jina la Leipzig, kwani chama cha wamisionari wa Kilutheri cha mji huo ndicho kilichotuma watu Kilimanjaro mwaka 1893, na baadaye wakafika katika milima ya Upare, wakileta pamoja nao nyimbo za kanisa la kwao. Bach naye alikuwa amefanya kazi katika mji huo huo tangu mwaka 1723 mpaka alipokufa mwaka 1750. Aliwafundisha wavulana wa shule ya Mtakatifu Thomas, akaongoza uimbaji makanisani, na nyimbo nyingi za kanisa alizitungia muziki wa kinanda kikubwa.

Siku moja Busoni alikuwa katika kanisa la Mtakatifu Thomas pamoja na rafiki zake, jamaa ya Petri, akasikia kinanda kikipiga kazi mojawapo ya Bach. Bibi Kathi Petri akamshauri aigeuze ipate kupigwa kwa piano. Busoni alikuwa hajawahi kufanya kazi ya namna hiyo, lakini shauri lilimwingia moyoni. Akaifanya kazi hiyo, nayo ikatoka mwaka 1888. Huo ndio mwanzo wa mambo yaliyomletea sifa na huzuni pia.

Hapa yafaa tuelewe ugumu wake. Kinanda kikubwa cha kanisani kina mabomba mengi sana, mengine marefu kuliko mtu, mengine mafupi kama kidole, na upepo ndio uyalizao. Mpigaji hutumia mikono na miguu. Vibao vya miguu hutoa zile sauti nene za chini. Maadamu kidole hakijaondoka juu ya kibao, sauti haikomi. Tena kuna vishikio, ambavyo mpigaji akivivuta, kibao kimoja huliza mabomba kadhaa kwa pamoja, ya sauti nene na ya sauti nyembamba.

Piano sivyo ilivyo. Ndani yake kuna nyuzi zinazopigwa kwa vinyundo. Sauti huanza kwa nguvu, kisha hufifia yenyewe, hata kama kidole kingali pale pale. Wala miguu haina vibao vya kulizia sauti. Basi vidole kumi havina budi kufanya kazi ya mikono miwili na miguu miwili.

Busoni alifanyaje? Sauti za miguu aliupa mkono wa kushoto, tena akazipiga maradufu, moja juu na moja chini, zipate uzito. Mahali ambapo mpiga kinanda angevuta vishikio, yeye aliongeza sauti nyingine za juu au za chini. Na kwa kuwa sauti ya piano hufa upesi, alitumia kikanyagio kinachoziacha nyuzi ziendelee kulia wakati mikono imekwisha kwenda mahali pengine. Kila sauti ilimbidi kuichagua: hii ibaki, hii ihamishwe, hii iongezwe.

Baada ya hayo alisafiri sana. Mwaka 1888 alikwenda Helsinki kufundisha, na huko akampata Gerda Sjöstrand, ambaye alimwoa mwaka 1890. Mwaka huo huo alishinda tuzo ya utungaji katika mashindano ya Rubinstein, nchini Urusi. Akafundisha Moscow, kisha Marekani, na mwaka 1894 akafanya makao yake Berlin. Wakati huo wote hakuacha kazi ya kugeuza. Mwaka 1893 ikatoka kazi ya Bach iliyotungwa kwa fidla moja tu, naye ameifanya kuwa kazi kubwa ya piano. Mwaka 1898 zikatoka kazi kumi za Bach zilizojengwa juu ya nyimbo za kanisa.

Walikuwako waliomlaumu, wakisema kwamba kazi ya Bach isiguswe. Busoni aliwajibu kwamba Bach mwenyewe alizichukua kazi za Vivaldi, Mwitalia, zilizotungwa kwa fidla, akazigeuza zipigwe kwa kinanda. Tena katika kitabu chake cha mwaka 1907 alieleza kwamba hata mtungaji anapoandika wimbo wake karatasini, amekwisha kuuhamisha, kwani ulikuwa wazo moyoni, na sasa umekuwa alama za wino. Sisi tunaosoma vitabu vilivyofasiriwa kwa Kiswahili twaweza kulifahamu neno hilo upesi. Maneno yamebadilika yote, lakini mfasiri akiwa mwaminifu, habari imefika.

Walakini Busoni alikuwa na mzigo wake mwenyewe pia. Alitunga muziki mwingi. Mwaka 1904 alitoa kazi ya piano pamoja na wapigaji wengi wa vyombo, iliyochukua zaidi ya saa nzima, na mwisho wake wanaume huimba pamoja. Wengi waliosikia hawakuipenda. Watu walitaka asikike kama mpiga piano na mgeuzaji wa Bach, basi. Jina lake liliunganishwa na la Bach katika vitabu vya muziki, hata husimuliwa kwamba huko Marekani mke wake alipata kujulishwa kwa wageni kuwa ni Bibi Bach-Busoni.

Vita Kuu ya mwaka 1914 ilipotokea, mateso yake yalizidi. Alikuwa Mwitalia akaaye Ujerumani, na mwaka 1915 nchi hizo zikawa upande mbalimbali. Hakutaka kupiga piano katika nchi yo yote iliyokuwa vitani. Akahamia Zürich, katika Uswisi, akakaa huko mpaka mwaka 1920. Ndipo aliporudi Berlin kuwafundisha vijana utungaji. Siku zake za mwisho alitunga mchezo wa kuimbwa, habari za Doktor Faust, na alitumaini kwamba huo ndio ungeonyesha yeye ni nani. Lakini ugonjwa wa figo ulimshinda. Akafa Berlin tarehe 27 Julai 1924, na kazi haijaisha.

Bach naye alikuwa amekufa akiacha wimbo mmoja mkubwa wa sauti nyingi haujakwisha. Mwaka 1910 Busoni aliuchukua wimbo ule, akautungia mwisho wake. Sasa ikawa zamu yake. Mwanafunzi wake, Philipp Jarnach, aliimaliza Doktor Faust, ikachezwa mjini Dresden mwaka 1925, mwaka mmoja baada ya bwana wake kuzikwa.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Watu walimwona Busoni amebeba mzigo wa Bach, wakadhani ni mwepisi, ati amenakili tu. Mpaka leo zile nyimbo za kanisa alizozigeuza hupigwa katika nchi nyingi, na kazi alizotunga mwenyewe husikika kwa nadra. Hata hivyo, wako watu wengi wasio na kinanda kikubwa karibu nao, ambao wamemsikia Bach kwa sababu ya mikono ya Busoni.