Mtemi Mirambo wa Urambo

Mtu akitoka Buhongwa na kuishika njia kuu ya kusini, hupita Shinyanga na Nzega hata akafika Tabora. Magharibi ya Tabora, mwendo wa siku tatu au nne kwa miguu, iko nchi ya Urambo. Nchi hiyo ilipata jina lake kwa mtu mmoja, Mtemi Mirambo, ambaye habari zake zilienea zamani toka ziwa letu mpaka Unguja, na toka Unguja mpaka Ulaya.

Mirambo alizaliwa yapata mwaka 1840. Baba yake alikuwa Kasanda, mtemi wa Uyowa. Siku zile Unyamwezi haikuwa na mtawala mmoja. Kila nchi ndogo ilikuwa na mtemi wake, na mara nyingi majirani waligombana. Jina la Mirambo, ambalo maana yake ni maiti nyingi, hakupewa na wazazi wake. Ni jina la vita. Baba yake alipokufa, yapata mwaka 1860, kijana huyo akaurithi utemi wa vijiji vichache tu.

Lakini alikuwa mtu mwenye akili na subira. Aliwatazama Watuta, ndio Wangoni waliokuja kutoka kusini, akajifunza namna yao ya kupigana kwa haraka na kwa vikosi. Kisha akakusanya vijana wasio na wake, maana aliona kuwa mtu asiye na mke wala watoto haogopi kufa. Vijana hao waliitwa rugaruga. Akawapa bunduki alizozinunua kwa pembe za ndovu, naye mwenyewe akawatangulia vitani. Nchi moja baada ya nyingine ikamwangukia, hata ufalme wake ukafika Uvinza upande wa magharibi na mipaka ya Usukuma upande wa kaskazini. Mji wake mkuu wa siku zile ulikuwa Iselamagazi.

Njia ya biashara iliyotoka pwani kwenda Ujiji ilipita katika nchi yake. Misafara ilipeleka nguo, shanga na baruti, ikarudi na pembe na watumwa. Mirambo aliona kuwa mwenye nchi ana haki ya kutozwa hongo wapitao, lakini Waarabu wa Tabora walitaka kupita wapendavyo. Ugomvi ukazidi, na mwaka 1871 Mirambo akaifunga njia ya Ujiji. Waarabu wakatoka kwenda kumpiga wakiwa na watu zaidi ya 2,000, na pamoja nao alikuwa Henry Stanley, mwandishi wa gazeti, aliyekuwa akimtafuta Dokta Livingstone.

Mwanzo Waarabu walishinda. Kikosi chao kimoja kiliuteka mji, kikaanza kurudi na pembe na mateka. Mirambo hakukimbia mbali. Aliwavizia katika majani marefu kando ya njia, akawaua wengi sana. Waliosalia katika jeshi kubwa wakaingiwa na hofu, wakakimbia, kila mtu na njia yake. Mwezi huo huo wa Agosti Mirambo akaingia Tabora yenyewe, akachoma nyumba nyingi, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakuu wa Waarabu, akauawa. Stanley ikambidi azunguke mbali kwa kusini ili afike Ujiji. Vita hivyo viliendelea kwa miaka kadhaa. Sayyid Barghash wa Unguja alipeleka askari, lakini hawakuweza kumshinda.

Mwaka 1876 Stanley alikutana na Mirambo uso kwa uso. Alitazamia kumwona mtu mkali wa kutisha, lakini alimkuta mtu mpole, mwenye sauti ya chini na adabu nyingi. Wakachanjiana damu, wakawa ndugu. Stanley akamfananisha na Napoleon wa Ufaransa. Mwaka 1879 Mirambo akampokea Dokta Southon wa London Missionary Society, akamruhusu kukaa Urambo, maana alitaka mji wake upate maarifa na biashara. Lakini mwaka 1880 Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliuawa katika vita vya watu wake kule Pimbwe, na urafiki wake na Waingereza wa Unguja ukaharibika.

Si haki kuwaficha wasomaji upande wa pili. Vita vya Mirambo viliteketeza vijiji vingi, vikafanya watu wengi kuwa mateka, na wengine waliuzwa. Mama aliyepoteza watoto wake hakumwita shujaa.

Mirambo alishikwa na ugonjwa wa koo, akafa tarehe 2 Desemba 1884. Ndugu yake, Mpandashalo, alishika mahali pake, lakini hakuwa na nguvu kama zake. Nchi zilizotekwa zikaanza kujitenga. Mwaka 1890 Mpandashalo akauawa vitani, na Wadachi walipoingia Unyamwezi walikuta vipande vipande.

Tulinganishe habari hii na ya mtawala mwingine wa wakati ule. Mirambo alipokuwa angali kijana katika utemi wake, Abraham Lincoln alikuwa rais wa Marekani, akaongoza vita vya miaka minne, toka 1861 mpaka 1865, ili nchi yake isigawanyike. Katika vita hivyo alitangaza uhuru wa watumwa katika nchi za waasi. Aliuawa kwa risasi mwezi Aprili 1865, lakini nchi yake haikuvunjika. Mwezi Desemba mwaka huo huo utumwa ukakatazwa kwa sheria kuu ya nchi nzima. Kazi ya Lincoln ilishikwa na sheria na baraza. Kazi ya Mirambo ilishikwa na mkono wake peke yake. Mkono ulipolegea, kazi ikaanguka.

Hata hivyo Mirambo hakusahauliwa. Wilaya ya Urambo bado yaitwa kwa jina lake, na kambi ya askari katika mji wa Tabora pia. Watu humkumbuka kwa kuwa aliwaunganisha Wanyamwezi wengi chini ya utawala mmoja, akakataa kuamriwa na wageni katika nchi yake. Nasi tujifunze kwake ushujaa na bidii. Tena tujifunze kuwa nyumba ya nguzo moja, hata nguzo iwe imara namna gani, haidumu.